Kanda Zilizopita Mkono kwa Mkono

Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya na lugha za programu, tuzungumze kuhusu kaseti. Ndiyo, kaseti, zile zilizokuwa zikirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe. Mimi nilizikuta zikiaga, maana nilizaliwa wakati sidii zimeshaanza kujaa vibandani. Lakini hadithi hii ina kompyuta ndani yake, kwa hiyo wale waliokuja hapa kwa ajili ya kompyuta wavute subira kidogo.

Mwaka juzi nilikuwa naandika programu ndogo ya kukagua faili, yaani kuhakikisha kwamba faili iliyofika kwenye diski ni ileile iliyotumwa, bila hata biti moja kubadilika. Programu ya aina hiyo huwezi kuijaribu kwa picha tatu za harusi. Nilihitaji faili kubwa, nyingi, zinazoruhusiwa kupakuliwa bure, na kila moja iwe imewekewa alama ya kuithibitisha. Mwenzangu kazini akaniambia nitazame hazina ya muziki wa jukwaani iliyo Internet Archive. Nikachukua onyesho la kwanza lililoonekana kubwa, la bendi ya Marekani iitwayo Grateful Dead, ambayo sikuwahi kusikia hata wimbo wake mmoja. Programu ikakagua kila kitu kwa sekunde chache ikasema sawa, sawa, sawa. Kazi ilikuwa imekwisha. Ila pembeni ya zile faili za sauti kulikuwa na faili moja ya maandishi. Nikaifungua, nikaisoma mpaka mwisho, na chai ikapoa mezani.

Ilikuwa nasaba. Sina neno lingine zuri zaidi. Ilieleza maikrofoni za aina gani zilitumika, zilisimamishwa wapi ukumbini, zilichomekwa kwenye mashine gani, kaseti ile ikanakiliwa kwenye nini, nakala ile ikaingizwa vipi kwenye kompyuta, kwa kadi gani ya sauti, kwa programu gani. Ilisema wimbo gani ulikatika kwa sababu upande wa kwanza wa kaseti uliisha. Mtu aliyeandika maelezo hayo hakulipwa hata senti, na hakuwa akiuza chochote. Mimi ninayelipwa mshahara kuandika maelezo ya programu naona haya kukiri jinsi wenzetu wengi wa kazi hii wanavyoandika, basi tuyaache hayo.

Nikaanza kusoma habari za hawa watu.

Grateful Dead ilianzishwa mwaka 1965 huko California na ikavunjika mwaka 1995, mpiga gitaa wake Jerry Garcia alipofariki tarehe 9 Agosti. Katika miaka hiyo 30 walipiga maonyesho zaidi ya 2,300. Kwa upande wa santuri hawakuwa wakubwa hivyo. Wimbo wao mmoja tu, Touch of Grey wa mwaka 1987, ndio uliofika kwenye kumi bora za Marekani. Umaarufu wao ulikuwa jukwaani, kwa sababu hawakurudia onyesho. Orodha ya nyimbo ilibadilika kila usiku, na wimbo wenyewe ulibadilika. Chukua Dark Star: ilipotoka kama santuri ndogo mwaka 1968 haikufika dakika tatu, lakini kwenye albamu yao ya jukwaani ya mwaka 1969 imechukua dakika 23. Nani alijua kesho ingechukua ngapi?

Sasa ukiwa shabiki wa bendi kama hiyo, santuri haikusaidii. Unachokitaka ni usiku ule, wa mji ule, na usiku ule haukuuzwa dukani. Kwa hiyo mashabiki, ambao hujiita Deadheads, wakaanza kuingia na vinasa sauti. Mwanzoni waliingia kwa kuficha, kipande cha mashine huku, maikrofoni kule, na wakati mwingine walikamatwa na kunyang'anywa. Kufikia mwaka 1974 New York kulikuwa na kijarida, Dead Relix, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wanaobadilishana kanda hizi.

Hapa lazima nitofautishe mambo mawili, maana kwa Kiswahili tunaweza kuyaita yote kanda za magendo tukakosea. Kuna wale waliorekodi onyesho, wakalipiga chapa kwenye santuri isiyo na jina la kampuni, wakauza. Santuri ya kwanza maarufu ya namna hiyo kwenye muziki wa roki ilikuwa ya nyimbo za Bob Dylan, mwaka 1969. Hiyo ni biashara, na msanii hapati kitu. Deadheads walichukia biashara hiyo kuliko hata kampuni za muziki zilivyoichukia. Kanuni yao ilikuwa moja: kanda haiuzwi. Ukitaka nakala, na wewe huna kanda ya kubadilishana, unamtumia mwenye nayo kaseti tupu pamoja na bahasha yenye stempu za kurudishia. Yeye anakaa usiku kucha akinakili, anakurudishia. Gharama yako ni kaseti na stempu, gharama yake ni usingizi.

Bendi nayo ikaamua. Garcia alieleza zaidi ya mara moja kwamba wao wakishamaliza kuupiga muziki, aliyekuja kuusikiliza na auchukue. Jambo la kuchekesha ni kwamba uamuzi rasmi ulikuja kwa sababu ya usumbufu wa kawaida kabisa: warekodi walikuwa wakipenda kusimama mbele ya miksa, mahali sauti ilipo nzuri kuliko pote, na vigingi vyao vya maikrofoni vilimziba fundi wa sauti, Dan Healy, asione jukwaa. Basi mwezi Oktoba 1984, kwenye ukumbi wa Berkeley, wakatengewa sehemu yao nyuma ya miksa na tikiti zao maalum. Msitu wa vigingi! Tazama picha za miaka ile, utadhani ni mashindano ya uvuvi.

Vyombo vyenyewe havikuwa vya mchezo. Mashine iliyopendwa sana ilikuwa Sony TC-D5M, ya kubeba begani, inayokula betri mbili kubwa. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na bendi haikuwa ikiangalia saa. Kwa hiyo mrekodi mzuri hakucheza. Alisimama amekodolea macho mita, anahesabu dakika, anawanyamazisha walevi walio karibu, na akisikia wimbo unaelekea kuisha anageuza kaseti haraka kama mtu anayegeuza chapati kwa mkono. Watu waliokuja kustarehe walimwona kichaa. Lakini ukisikia leo onyesho la miaka 40 iliyopita, unamsikiliza yeye, na ule mkato wa sekunde tano katikati ya wimbo ni mkono wake.

Tatizo kubwa lilikuwa kunakili. Kwa wapwani nitalieleza kwa nazi. Ukikuna nazi ukakamua, tui la kwanza ni zito. Ukitia maji ukakamua tena, tui la pili ni jepesi. La tatu ni maji yaliyopitiwa na nazi. Kaseti ni hivyohivyo: kila nakala inaongeza mvumo wake juu ya mvumo wa iliyotangulia, na sauti za juu, kama matoazi na ile mikwaruzo midogo ya vidole kwenye nyuzi, zinafifia. Kaseti ya kizazi cha kwanza ilikuwa dhahabu, ya kizazi cha nane unasikia bahari na kwa mbali mtu anapiga gitaa. Ndiyo maana swali la kwanza la Deadhead lilikuwa: hii ni ya kizazi cha ngapi?

Jibu lao kwa tatizo hili litampendeza yeyote aliyesoma sayansi ya kompyuta. Walijenga miti. Mwenye kanda bora ni shina, anawanakilia watu watano, kila mmoja wa hao anawanakilia watano wengine, na kuendelea. Piga hesabu: ngazi ya kwanza watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Watu 155 wana kanda, na hakuna aliye chini ya kizazi cha tatu toka kwa shina. Kama wangepokezana mmoja baada ya mwingine kama foleni, wa mwisho angekuwa na nakala ya kizazi cha 155, yaani mvumo mtupu. Mimi nilifundishwa miti hii darasani kwa kutumia namba zisizo na maana yoyote, tafuta 17, futa 42. Laiti mwalimu angetuletea kaseti.

Sasa niwape habari ya kanda moja, maana bila hiyo mtu hawezi kusema ameongea kuhusu jambo hili. Tarehe 8 Mei 1977 bendi ilipiga Barton Hall, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Usiku ule theluji ilianguka, mwezi Mei. Ndani alikuwako mwanamke mmoja aitwaye Betty Cantor-Jackson, ambaye alirekodi toka kwenye miksa kwa kanda kubwa za magurudumu. Rekodi zake zina sifa ya kusikika kama umeketi katikati ya wanamuziki wenyewe.

Miaka ilipita, Betty akawa hayuko tena na bendi, mambo ya fedha yakamwendea vibaya. Vitu vyake vilikuwa kwenye ghala la kukodi, kodi haikulipwa, na mwaka 1986 vikapigwa mnada. Ndani ya mizigo ile mlikuwa na mamia ya kanda. Zikanunuliwa na watu wasiojuana, nyingine zikiwa zimeanza kuota ukungu. Mashabiki wakazifuatilia, wakazisafisha, wakazinakili, na zikamwagika kwenye ile miti. Onyesho la Cornell likawa ndilo ambalo kila mtu alikuwa nalo. Maktaba ya Bunge la Marekani ililiingiza kwenye orodha ya rekodi za taifa ya mwaka 2011. Albamu rasmi ilitoka mwaka 2017, miaka 40 baada ya usiku wenyewe, ikitokana na kanda za Betty ambazo kufikia hapo zilikuwa zimerudi kwenye ghala la bendi.

Yaani kwa miaka 30 watu walikuwa wakipeana bure, kwa heshima kubwa, kitu ambacho kilitoka mikononi mwa mwanamke kwa sababu alishindwa kulipa kodi ya ghala. Jina lake walilitukuza, hata kanda wakaziita kwa jina lake. Hilo jina halimlipii mtu kodi. Nililiwaza sana hili na sijaliweka sawa moyoni hadi leo, na mtaona punde kwa nini.

Haya, kompyuta. Toka mwishoni mwa miaka ya 1980 warekodi walianza kutumia kanda za dijitali aina ya DAT, na ghafla suala la kizazi likabadilika. Namba ukizinakili vizuri zinabaki zilezile, tui halichuji tena. Lakini intaneti ilipokuja ikaleta hatari mpya, MP3. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio linakadiriwa halitazikosa. Kwa kusikiliza kwenye matatu haina shida, matatu yenyewe ina kelele kuliko muziki. Kwa kuhifadhi ni balaa, kwa sababu aliyeipokea akiibana tena, na mwingine akaibana tena, tumerudi kwenye tui la tatu. Mwaka 1998 mashabiki waliobadilishana rekodi kwa intaneti wakaanzisha etree, wakapiga MP3 marufuku. Walitumia muundo wa Shorten, na baadaye FLAC iliyotoka mwaka 2001, ambayo hubana bila kutupa kitu: ukiifungua unapata namba zilezile, moja baada ya moja.

Uaminifu huo una bei. Sauti ya ubora wa sidii inakula karibu megabaiti 10 kwa dakika. Onyesho la saa tatu ni karibu gigabaiti 2, ukilibana linabaki kama gigabaiti moja. Kwa modemu ya enzi zile ya kilobiti 56 kwa sekunde, hata ikikimbia bila kukatika, gigabaiti moja inakuchukua karibu saa 40. Na watu walifanya! (Mimi nikiona bando linaisha kwenye gigabaiti moja nalalamika, na hapo sijangoja hata dakika kumi.) Ndiyo maana BitTorrent ilipotoka mwaka 2001 jamaa hawa walikuwa kati ya walioikumbatia mapema, maana ni ule mti wao wa kaseti, isipokuwa sasa kila jani linaweza kumpa jirani yake kipande alicho nacho.

Na ile alama ya kuthibitisha niliyoitafuta ndiyo hii: faili nzima inapitishwa kwenye hesabu iitwayo MD5, inatoka alama ya herufi na tarakimu 32. Badilisha biti moja tu kwenye gigabaiti nzima, alama yote inakuwa nyingine. FLAC hata huibeba ndani yake, alama ya sauti yenyewe kabla haijabanwa. Najua wapo watakaoniambia MD5 ilivunjwa mwaka 2004. Ni kweli, mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza faili mbili zenye alama moja, hivyo usiitegemee dhidi ya mtu wa namna hiyo. Lakini hapa adui si mwizi. Adui ni diski mbovu na umeme unaokatika, na kwa hao inatosha.

Inathibitisha kwamba hakuna kilichobadilika tangu mtu fulani aliposema hii ndiyo. Haithibitishi kwamba alikuwa na haki ya kusema hivyo. Hili lilionekana waziwazi mwezi Novemba 2005. Rekodi za Grateful Dead zilikuwa zimekaa wazi Internet Archive, kila mtu anapakua, mara upande wa bendi ukataka ziondolewe. Mashabiki wakapiga kelele, na hata miongoni mwa watu wa bendi hawakukubaliana: mpiga besi Phil Lesh, aliyefariki mwaka 2024, alisema hakujua uamuzi huo, na mtunzi wa mashairi yao John Perry Barlow alisimama na mashabiki. Baada ya siku chache wakapatana. Zilizorekodiwa na mashabiki kwa maikrofoni zao zikarudi kupakuliwa. Zilizotoka kwenye miksa zikawa za kusikiliza tu. Wengi waliona ni dhuluma. Mimi nauona ule mstari una maana: kilichonaswa ukumbini na kigingi cha shabiki ni kitu kimoja, na kilichotoka kwenye waya wa bendi ni kingine. Angalau kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Nasema hivyo kwa sababu nina kanda zangu. Si zangu, za shangazi yangu, dada wa baba, anayekaa Mombasa. Kati ya mwaka 1986 na 1998 alikuwa akienda harusini na redio-kaseti yake, anaiweka karibu na waimbaji, anabonyeza. Ni kaseti 31 ndani ya bati la biskuti. Nyingine ni taarab ya ukumbini, iliyosikiwa na mtaa mzima. Nyingine ni chakacha ya wanawake ndani ya nyumba, milango imefungwa. Kwenye mbili anasikika bibi yangu, ambaye hayupo tena duniani, akicheka kati ya wimbo na wimbo na kumwambia mtu asogeze maji.

Baada ya kusoma yote hayo ya Deadheads nilikwenda nikiwa na moto. Nilinunua deki ya zamani, fundi wa Luthuli Avenue akaibadilishia mipira, nikajifunza kurekebisha kichwa cha kusomea kwa bisibisi ndogo, unazungusha taratibu huku unasikiliza mpaka ile sauti ya juu ifunguke kama dirisha. Nikamweleza shangazi kila kitu: FLAC, alama, nasaba, mti. Alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Na hizi wataka kuzipeleka wapi?"

Nikasema nataka zihifadhiwe, watu wazisikie, zisipotee.

"Watu gani? Hapo hapakuwa na mwanamume hata mmoja, mwanangu. Hata wewe hukupaswa kusikia."

Nikajaribu. Nikamwambia kaseti zinakufa, gundi inaachia, miaka kumi ijayo zitakuwa utepe mtupu. Akasema yeye hakusema zife. Nikamwambia kuhusu Betty. Alinyamaza kidogo, akauliza kama yule mama alilipwa. Nikamweleza habari ya mnada. Akasema, "Basi waona."

Kwenye chakacha, ambao hawajui, waimbaji humtaja mtu. Aliyemchukulia mwenziwe mume, aliyekopa dhahabu akavaa kama yake, yote yanasemwa kwa mafumbo na wote waliomo ndani wanaelewa. Wengi wa waliotajwa wako hai, wana wajukuu. Grateful Dead walisimama mbele ya maelfu, wanajua maikrofoni zile pale, na wakasema chukueni. Hawa walifunga mlango.

Wapo rafiki zangu wa mambo ya hifadhi wanaoniambia nisiwe na huruma ya kupita kiasi, kwamba historia ya wanawake wa pwani imeandikwa kidogo mno na mimi nimekalia bati zima. Siwezi kuwaambia wamekosea. Nimeona vilevile nyumba zikihamwa na kaseti zikitupwa jaani.

Tulifikia utaratibu huu. Kaseti zote zinaingizwa kwenye kompyuta, lakini zile za ndani sizisikilizi. Binti ya shangazi ndiye anayevaa vipokea sauti, na amekuwa hodari wa ile bisibisi kuniliko. Mimi nakaa upande wa pili natazama mita zikipanda na kushuka, nahakikisha sauti haigongi juu, napiga alama, nanakili kwenye diski mbili, moja inabaki kwake shangazi. Ni kazi ya ajabu, kutazama harusi kama mstari wa kijani unaoruka. Kila kaseti ina faili yake ya maandishi kama ile iliyopoza chai yangu: redio gani, kaseti ya kampuni gani, dakika ya ngapi betri zilianza kulegea. Nimeongeza mstari mmoja ambao sijauona kwenye zile za Deadheads, kwa sababu wao ruhusa yao ilikuwa moja kwa zote. Unasema nani ameruhusu, na mpaka kwa nani.

Kufikia sasa kaseti 19 zimeingia. Nne, zote za taarab ya ukumbini, zimeruhusiwa kwa yeyote aliyeomba, mradi asiuze. Moja imeruhusiwa kwa waliokuwepo harusini tu, na tumeshawapelekea wanane. Zile mbili za bibi, shangazi amesema ni za nyumba yetu, hilo halikuwa na mjadala. Zilizobaki mstari wake uko wazi. Kwenye sita kati ya hizo anaimba mama mmoja ambaye yuko hai, Kisauni, na sauti yake watu wa rika la shangazi wanaizungumzia mpaka leo. Shangazi atakwenda kumwona baada ya Ramadhani, na amenikataza nisimfuate.